Ketamini katika Tiba ya Sonona: Dawa Ipo Kabatini, Huduma Je?

Ikisiri

Ketamini ni dawa ya usingizi inayotumika kwa upasuaji katika hospitali nyingi za wilaya Afrika Mashariki. Tangu mwaka 2000, tafiti za Marekani na Ulaya zimeonesha kwamba kiasi kidogo cha dawa hiyohiyo, kikiingizwa polepole mshipani, hupunguza makali ya sonona kwa muda wa saa badala ya wiki. Makala hii inafafanua namna tiba hiyo inavyotolewa, inapima ushahidi wake, na inajadili masharti ya kuitumia katika ukanda huu. Hoja yake ni kwamba kikwazo kikuu si upatikanaji wa dawa. Kikwazo ni huduma inayopaswa kuitangulia na kuifuata, pamoja na lugha atakayoelezwa mgonjwa kabla ya kuridhia.

Istilahi za msingi: ketamini, sonona, sonona sugu, ridhaa, sera ya dawa

Utangulizi

Katika hospitali isiyokuwa na daktari bingwa wa usingizi wala mashine ya kupumulia ya kutegemewa, mara nyingi ketamini ndiyo inayowezesha upasuaji kufanyika. Humlaza mgonjwa huku akiendelea kupumua mwenyewe, kwa kawaida haishushi shinikizo la damu, na yaweza kudungwa mshipani au kwenye msuli. Shirika la Afya Duniani limeiweka katika Orodha ya Dawa Muhimu tangu 1985. Magharibi mwa Kenya, mpango uliobuniwa na wataalamu wa Hospitali Kuu ya Massachusetts uliwafunza watoa huduma wasio wataalamu wa usingizi kuitumia katika upasuaji wa dharura, hasa wa uzazi, pale mtaalamu anapokosekana.

Dawa hiyohiyo sasa inatajwa kwa sababu nyingine. Nchini Marekani zimeenea kliniki zinazowapa watu wenye sonona dripu ya ketamini, na habari zake zimewafikia madaktari na wagonjwa wa ukanda huu. Ni rahisi kudhani kwamba, kwa kuwa dawa ipo na bei yake si kubwa, tiba nayo ipo. Dhana hiyo inahitaji kuchunguzwa kabla haijageuka kuwa sera.

Kutoka chumba cha upasuaji

Ketamini iliundwa mwaka 1962 na mkemia Calvin Stevens wa kampuni ya Parke-Davis, katika jitihada za kupata mbadala wa fensiklidini, dawa ya usingizi iliyowaacha wagonjwa na fadhaa na maruweruwe kwa saa nyingi. Edward Domino na Guenter Corssen waliijaribu kwa binadamu mwaka 1964. Binadamu hao walikuwa wafungwa wa gereza moja la Michigan, jambo ambalo si la kupitwa kimya katika mjadala unaohusu ridhaa. Iliidhinishwa Marekani mwaka 1970 na kutumika kwa majeruhi wa vita vya Vietnam.

Miaka 30 baadaye, Berman na wenzake (2000) wa Chuo Kikuu cha Yale waliwapa wagonjwa wa sonona miligramu 0.5 kwa kila kilo ya uzito, kwa dripu ya dakika 40. Kundi lao lilikuwa dogo mno: wagonjwa 7 tu ndio waliofika mwisho. Hata hivyo, nafuu iliyoonekana ndani ya siku tatu iliwafanya wengine warudie jaribio. Zarate na wenzake (2006), wa Taasisi ya Taifa ya Afya ya Akili ya Marekani, waliwachunguza wagonjwa 18 ambao dawa za kawaida hazikuwasaidia. Siku moja baada ya dripu, asilimia 71 ya waliopata ketamini walikuwa wamepungukiwa na dalili kwa nusu au zaidi. Wiki moja baadaye, asilimia 35 ndio waliobaki na nafuu hiyo. Kwa tabibu aliyezoea kumwambia mgonjwa wa fluoksetini au amitriptilini avumilie wiki kadhaa, takwimu ya kwanza ni ya kushangaza. Takwimu ya pili hunukuliwa mara chache zaidi, ingawa kwa mpanga sera ndiyo yenye uzito.

Udhaifu mkubwa wa ushahidi huu ni kwamba ketamini haifichiki. Mgonjwa aliyepewa maji ya chumvi anajua hakupewa kitu, na aliyepewa ketamini anahisi ulimwengu ukibadilika. Murrough na wenzake (2013) walijaribu kulitatua hilo kwa kutumia midazolamu, dawa ya kutuliza, kama kilinganishi kwa wagonjwa 73. Asilimia 64 ya kundi la ketamini walipata nafuu siku ya pili, dhidi ya 28 ya kundi la midazolamu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walikwenda mbali zaidi katika jaribio lililochapishwa mwaka 2023: waliwapa wagonjwa 40 ketamini au maji ya chumvi wakiwa wamelala kabisa kwa ajili ya upasuaji. Makundi yote mawili yalipata nafuu kubwa, na tofauti baina yao haikuonekana. Matokeo hayo hayatoshi kusema kwamba ketamini haina kazi, kwani idadi ni ndogo na dawa nyingine za usingizi huenda ziliingilia kati. Yanatosha, hata hivyo, kuonya kwamba sehemu ya nafuu inatokana na matarajio ya mgonjwa na uangalizi anaoupata, na kliniki inayouza matarajio bila uangalizi haitoi tiba iliyopimwa katika tafiti hizo.

Ushahidi wenye uzito zaidi kwa daktari wa hospitali ya rufaa ni ule wa Anand na wenzake (2023), waliolinganisha ketamini na tiba ya mshtuko wa umeme kwa wagonjwa wa sonona sugu wasio na dalili za saikosisi. Asilimia 55.4 ya waliopata ketamini waliitikia tiba, dhidi ya 41.2 ya waliopata umeme. Kila mgonjwa alijua tiba aliyopewa, hivyo tahadhari ya awali inabaki palepale.

Kinachotokea ubongoni

Dawa za sonona zilizozoeleka hulenga serotonini na kemikali za jamii yake. Ketamini huziba kipokezi kiitwacho NMDA, ambacho hupokea glutameti, kemikali kuu ya kusisimua seli za ubongo. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba kuzibwa huko huamsha mfululizo wa mabadiliko yanayoziwezesha seli kuunda upya miunganiko iliyodhoofika, na katika panya miunganiko hiyo imeonekana ikiongezeka ndani ya siku moja. Si maelezo kamili. Jaribio dogo la mwaka 2018 lilionesha kwamba naltreksoni, dawa inayozuia vipokezi vya afyuni, ilipunguza sana nafuu ya ketamini. Kama njia ya afyuni inahusika, suala la uraibu haliwezi kuachwa pembeni.

Dakika 40, kisha siku 18

Utaratibu wenyewe si mgumu. Mgonjwa hufunga kula kwa saa kadhaa. Hupimwa shinikizo la damu, mapigo ya moyo na kiwango cha oksijeni kabla ya dripu, wakati wa dripu na baada yake, kwa kuwa ketamini hupandisha shinikizo kwa muda. Baada ya dakika 40 hubaki akiangaliwa kwa takribani saa mbili, haendeshi chombo cha moto hadi kesho yake, na hurudi nyumbani akiwa na mtu. Mwenye shinikizo lisilodhibitiwa, mwenye saikosisi au mjamzito hapewi. Kwa kawaida dripu hutolewa mara mbili au tatu kwa wiki, hadi zifike sita au zaidi.

Mgonjwa wa kilo 50 anahitaji miligramu 25 kwa dripu moja. Chupa ya mililita 10 yenye miligramu 50 katika kila mililita ina miligramu 500, yaani kwa hesabu tupu dozi 20. Hesabu hiyo huvutia, lakini hupotosha. Gharama imo katika kitanda kinachokaliwa kwa karibu saa tatu kila mara, na muuguzi asiyeweza kuondoka kwenda kwingine. Dripu sita ni takribani saa 18 za uangalizi kwa mgonjwa mmoja.

Gharama nyingine huja baadaye. Katika utafiti wa Murrough na wenzake wa dripu sita, asilimia 71 ya wagonjwa 24 waliitikia tiba. Baada ya dripu ya mwisho, nusu ya walioitikia walirudiwa na sonona ndani ya siku 18. Mgonjwa aliyetoka kijijini kwa nauli ya kuazima atakuwa amesharudi kwake siku hiyo. Asipokuwa na dawa ya kuendelea nayo, mshauri wa kuzungumza naye na tarehe ya kurudi, atakutana tena na ugonjwa akiwa peke yake, safari hii akiamini kwamba hata tiba ya mwisho imeshindwa.

Kuhusu vifaa, kuna habari njema kutoka Australia. Jaribio la Loo na wenzake (2023) lilitumia ketamini ya kawaida isiyo na hataza, kwa sindano ya chini ya ngozi bila dripu wala pampu. Katika kundi lililoongezewa dozi kulingana na mwitikio, asilimia 19.6 walipona dalili, dhidi ya 2 waliopewa midazolamu. Kwa hospitali isiyo na pampu, njia hiyo inastahili kuchunguzwa kabla ya esketamini ya kupuliza puani, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2019 na ambayo hata Uingereza haikupendekezwa kwa huduma yake ya umma.

Lugha ya ridhaa

Kiswahili cha kitaaluma kina neno sonona, lakini wagonjwa wengi huingia kliniki wakisema wana mawazo mengi au moyo mzito. Nchini Rwanda ugonjwa huo huitwa agahinda gakabije, huzuni iliyopita kiasi. Kusini mwa Uganda watafiti walikuta maneno mawili ya Kiganda, okwekyawa na okwekubazida, la kwanza likibeba kujichukia na la pili kujihurumia. Mtafsiri wa fomu ya ridhaa anayeandika sonona na kuishia hapo hajaeleza kitu.

Ugumu huzidi katika kueleza athari mahususi ya ketamini, ile hali ya mtu kujihisi yuko mbali na mwili wake. Tafsiri inayokuja haraka ni "nafsi kutoka mwilini". Kwa msikilizaji wa Kiswahili, hayo ni maneno ya kifo. Kumwambia hivyo mtu ambaye jana alifikiria kujiua ni kosa la kitabibu lililofanywa kwa lugha. "Kujitenga" nako husikika kama kujiweka mbali na watu. Hata "dawa ya usingizi" hupotosha, kwa kuwa mgonjwa atatarajia kulala, kisha atajikuta macho huku sauti zikimfikia kwa namna ngeni. Wengine watalitafsiri tukio hilo kuwa ni la pepo.

Maelezo marefu ya wazi yanafaa kuliko istilahi mpya: mgonjwa aambiwe kwamba kwa muda anaweza kuhisi mwili mwepesi au kama si wake, kwamba saa inaweza kuonekana imesimama, kwamba hali hiyo huisha muda mfupi baada ya dripu, na kwamba muuguzi atakuwa kando yake. Kiswahili pia hutofautisha vizuri kupata nafuu na kupona. Fomu ya ridhaa inapaswa kuahidi la kwanza tu.

Kabati moja, mahitaji mawili

Mwaka 2015 China ilipendekeza ketamini iwekwe chini ya udhibiti wa Mkataba wa Kimataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, kwa sababu ya matumizi yake kama kileo. Shirika la Afya Duniani lilipinga, likieleza kwamba udhibiti huo ungewanyima upasuaji wagonjwa wa nchi maskini, na Tume ya Umoja wa Mataifa ya Dawa za Kulevya ikaahirisha uamuzi. Madhara ya ulevi huo ni ya kweli, likiwemo la kuharibika kwa kibofu cha mkojo. Hivyo, kliniki binafsi zikianza kutoa ketamini kiholela katika ukanda huu na dawa ikavuja mitaani, hoja ya udhibiti itarejea, na atakayeumia kwanza ni mama anayesubiri upasuaji wa uzazi wilayani.

Kuna pia suala la nani anastahili. Sonona huitwa sugu baada ya dawa mbili, kwa dozi na muda wa kutosha, kushindwa. Katika wilaya ambako amitriptilini hukatika kabatini kila baada ya miezi michache, wagonjwa wengi hawajawahi kupata hata dawa ya kwanza ipasavyo. Wao si sugu, hawajatibiwa. Kwao kuna ushahidi wa karibu zaidi na nyumbani: katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, Uganda, Bolton na wenzake (2003) walitumia vikundi vya mazungumzo vilivyoongozwa na wenyeji waliopewa mafunzo mafupi. Waliokuwa na sonona walishuka kutoka asilimia 86 hadi 6.5, huku katika vijiji vya ulinganisho wakishuka kutoka 94 hadi 54.7. Fedha za umma zinapokuwa chache, vikundi hivyo vinapaswa kutangulia.

Nafasi halali ya ketamini ni finyu zaidi, nayo ni hospitali ya rufaa yenye daktari wa afya ya akili na mtaalamu wa usingizi chini ya paa moja. Humo, wa kwanza kufikiriwa ni mgonjwa aliye katika hatari ya kujiua. Katika jaribio la Abbar na wenzake (2022) nchini Ufaransa, lililohusisha wagonjwa 156, asilimia 63 ya waliopata dripu mbili za ketamini walikuwa wameachwa na mawazo ya kujiua siku ya tatu, dhidi ya 31.6 ya kundi la ulinganisho. Mgonjwa huyo, hata hivyo, hafiki hospitali kama anaogopa polisi. Mahakama Kuu ya Kenya ilibatilisha Januari 2025 kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai. Nchi jirani zilizorithi vifungu vya aina hiyo kutoka sheria za kikoloni zina kazi ya kutunga sheria kabla ya kazi ya kununua dawa.

Wizara itakayoruhusu tiba hii inaweza kuanza na mambo mawili yasiyohitaji fedha nyingi. Ketamini ya kliniki ya akili iagizwe na kuandikwa katika daftari lake, isichotwe katika akiba ya chumba cha upasuaji. Na hakuna dripu ya kwanza itakayofunguliwa kabla faili la mgonjwa halijaandikwa dawa atakayoendelea nayo, jina la mhudumu wa afya wa kijijini kwake, na tarehe ya kuonana naye ndani ya siku 14 baada ya dripu ya mwisho.