Detekta imelia: rupia ya Mjerumani au kizibo cha soda?

Songwe detekta ni ya dhahabu, ila wapo wanaosakia rupia za Mjerumani. Sahani yake hutuma nguvu ya sumaku ardhini. Ikikuta metali, inalia. Shida ni kwamba haijui thamani: kizibo cha soda kinailiza, hata risasi ya 1918, maana jeshi la Mjerumani lilivuka huku kwenda Fife, ng'ambo ya mpaka. Kikitokea kitu kama bomu, usikiguse, ita polisi.

Rupia ya kawaida ni fedha ya gramu 11.66 tu. Ghali ni ile ya dhahabu yenye tembo, rupia 15, Tabora 1916. Anayekuambia rupia ina “zebaki nyekundu” anakupiga, mchana kweupe. Na kuchimbua mambo ya kale bila kibali ni kosa, kwa sheria ya 1964.