Kipya Kinyemi, Lakini Masikio Yahukumu

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi ingawa kidonda. Methali hii hunijia kila nisikiapo wapenzi wa muziki wakizibeza santuri za kale.

Chukua konserto sita za Brandenburg, ambazo Johann Sebastian Bach alimtunukia mwanamfalme Christian Ludwig mwaka 1721. Mwaka 1935 Adolf Busch na wenzake walizirekodi London, Rudolf Serkin akipiga piano pale Bach alipoandika hapsikodi. Mwaka 1964 Nikolaus Harnoncourt na kundi lake la Vienna wakazirekodi kwa ala za zama za Bach. Aghalabu husemwa kwamba Harnoncourt ndiye aliyepatia, na Busch alikosea.

Kwa upande wa ala, hapana shaka alikosea. Lakini je, usahihi wa ala ndio usahihi wa maana? Mtu aweza kutamka barabara kila sauti ya utenzi wa kale asielewe hata ubeti mmoja. Harnoncourt aliturejeshea matamshi. Busch alijua sentensi inakoelekea na mahali pa kuvuta pumzi.

Mwalimu, wasikilizishe wanafunzi wako zote mbili kabla ya kuwatajia miaka. Anayehukumu santuri kwa tarehe yake amesoma jalada tu. Muziki bado hajausikia.