Kadi Haimfikii Mzazi
(Refa wa Watoto, Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza nilieleza namna refa anavyomshughulikia mchezaji mdogo anayebisha, nikaahidi kwamba leo tutavuka mstari wa pembeni tuwafikie wazazi. Nianze na kisa kilichonifanya niandike mfululizo huu.

Ilikuwa mechi ya vijana wasiozidi miaka 14, kwenye kiwanja kimoja upande wa Msambweni, Kaunti ya Kwale. Mchanga mtupu, mistari imechorwa kwa majivu, mikorosho upande mmoja na barabara ya vumbi upande wa pili. Tulianza baada ya swala ya alasiri. Kabla ya mpira kuwekwa kati, watoto walinipa mkono mmoja mmoja, kila mmoja na “shikamoo” yake. Kufikia kipindi cha pili, mama mmoja alikuwa amekwisha kuniita mwizi mara sita au saba, kwa sauti iliyofika hadi dukani. Nilinyamaza. Nilidhani kunyamaza ndiyo busara. Kisha nikapuliza faulo dhidi ya mwanawe, na yule mtoto wa miaka 13 akanikazia macho, akasema, “Refa mwizi wewe.” Nikamwonyesha kadi nyekundu. Akatoka akilia. Alipofika mstarini akageuka, akaniuliza, “Mwalimu, mbona mama amesema tangu mwanzo na hakutolewa?”

Siku ile sikumjibu.

Mtoto yule alikuwa ameligusa pengo lililomo katika Sheria za Mchezo zenyewe. Sheria hizo, zinazotungwa na IFAB, bodi ya kimataifa ya sheria za soka, na kufuatwa kila mahali mpira unapochezwa rasmi, zina kadi kwa wachezaji walioko uwanjani, kwa wachezaji wa akiba na waliobadilishwa, na, tangu Juni 2019, kwa makocha na maofisa wengine wa timu. Kabla ya mwaka huo kocha mkorofi aliondolewa kwa maneno matupu. Sheria ya 12 inasema mchezaji anayebisha uamuzi apewe njano, na anayetumia lugha ya matusi au ya kudhalilisha apewe nyekundu. Mzazi aliyesimama chini ya mkorosho hana kadi katika sheria hiyo. Refa akimwonyesha kadi atakuwa anapunga karatasi tu.

Kadi zenyewe zilibuniwa kwa sababu ya maneno yasiyofika. Katika robo fainali ya Kombe la Dunia mwaka 1966 kule Wembley, nahodha wa Argentina, Antonio Rattín, alitolewa na refa Mjerumani, Rudolf Kreitlein, ambaye hakujua Kihispania. Rattín alikataa kutoka kwa dakika kadhaa. Ken Aston, Mwingereza aliyekuwa msimamizi wa marefa wa mashindano hayo, na ambaye kazi yake ilikuwa ualimu, alikuwa akiendesha gari kurudi nyumbani akifikiria mkasa huo, na taa za barabarani zikampa wazo: njano ya tahadhari, nyekundu ya kusimama. Kadi zikatumika kwa mara ya kwanza katika Kombe la Dunia la Mexico mwaka 1970. Faida yake kubwa kwa mpira wa watoto ni kwamba refa husema bila kupaza sauti wala kubishana. Ndiyo maana mbele ya mzazi refa hujiona mikono mitupu: chombo chake cha kusemea kimebaki mfukoni.

Lakini refa ana kitu kingine. Sheria ya 5 inampa mamlaka ya kusimamisha mechi, kuiahirisha kwa muda, au kuivunja kabisa kwa sababu ya uingiliaji wa watu wa nje. Mamlaka yake ya nidhamu huanza anapoingia uwanjani kukagua kabla ya mechi, na wala hayangoji firimbi ya kwanza. Mzazi anataka kumwona mwanawe akicheza, na refa ndiye mwenye kuamua kama mwanawe atacheza sasa hivi au atakaa chini. Pwani ya kusini silaha hii ina makali kuliko mahali pengi. Kwale iko digrii 4 hivi kusini mwa ikweta. Jua likishazama giza halichelewi. Tunaanza baada ya alasiri, na adhana ya magharibi ikisikika kila mtu ana pa kwenda. Refa anaweza kufidia dakika zilizopotea, kama sheria inavyomtaka, lakini jua halimfidii mtu. Kila mzazi wa Gazi au Mwabungo anaijua hesabu hiyo bila kuelezwa.

Basi nini hufanyika? Ninayoyasema hapa nimeyajaribu mwenyewe kwa miaka mingi, na nimewafundisha vijana wengi walionifuata.

Mpira ukitoka, usiurudishe haraka. Mwite kocha wa timu ambayo mzazi huyo anaishangilia, mwite na nahodha, useme kwa sauti ya kawaida: “Kocha, yule mzee mwenye kofia ya bluu, naomba ukazungumze naye.” Usimnyooshee kidole mzazi. Usimwendee. Kosa ninaloliona zaidi kwa marefa wachanga ni kwenda mstarini na kuuliza, “Umesema nini?” Ukishauliza hivyo umempa jukwaa, na watu hamsini wamegeuka kusikiliza. Kocha akikubali, mambo mengi huishia hapo, kwa sababu mzee hamwonei haya refa mgeni kama anavyomwonea haya mtu anayemfundishia mwanawe bure kila Jumamosi.

Matusi yakiendelea, simamisha mechi waziwazi. Watoto waende kati ya uwanja, wakae chini, wanywe maji. Wewe simama nao, umwambie mwenyeji wa mashindano kwamba mpira hautaendelea mpaka mtu huyo aondoke. Halafu ngoja, na usitazame saa kwa wasiwasi. Hapo ndipo wazazi wengine huanza kazi, maana na wao wanalitazama jua. Nimeona mara nyingi sauti zikitoka kwa wale waliokuwa wamekaa kimya: “Mzee, twende zetu pembeni bwana, watoto wanangoja.” Na kama hilo nalo halikufaa, mechi ivunjwe na ripoti iandikwe. FIFA ilianza kutumia hatua tatu za namna hii katika Kombe la Mabara la mwaka 2017 dhidi ya ubaguzi viwanjani: kusimamisha, kuahirisha kwa muda, kuvunja. Hakuna sababu ya mtoto wa Kinondo kulindwa kidogo kuliko mchezaji wa timu ya taifa.

Hapa naweka tofauti moja tu. Matusi ya nguoni, kumtukania mtu mamake, hayana hatua ya kwanza. Hapo simamisha papo hapo.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kitabu cha sheria hakiligusi kabisa, nalo ndilo zito kwetu. Refa wa mechi za watoto huku kwetu aghalabu ni kijana wa miaka 19 au 20. Mtu anayemtukana ana miaka 50, pengine ni rafiki wa babake. Huyu kijana amelelewa kuinamisha macho mbele ya wazee. Ukimwambia “mtoe uwanjani” umemwambia avunje adabu aliyofunzwa tangu utotoni, na hataweza. Au ataweza kwa ukali, na ukali huo utaifuata familia yake nyumbani. Nimewahi kumwona mmoja akimwambia mzee, “Wewe toka!” Mechi iliharibika kwa lile neno “wewe”, si kwa uamuzi wowote aliofanya.

Adabu ile ile inaweza kuwa ngao yake. Kijana anayesema, “Baba, shikamoo. Naomba unisaidie, watoto wanakusikiliza,” amemweka mzee mahali pagumu. Lazima aitikie “marahaba”, na aliyeitikia marahaba mbele ya watu huona tabu kutukana tena. Ikiwa hapana budi amwendee mzee, aende na mtu, asiende peke yake. Firimbi isiwe mdomoni. Akishasema, ageuke arudi bila kungoja jibu. Na pale ambapo kijana hafai kusema kabisa, aseme mtu mwingine kwa niaba yake. Kamati yenye akili humweka mzee wa kijiji katika mechi kubwa, apewe kiti na maji, na kazi yake iwe hiyo tu. Katika jamii ya Wadigo, ambako tangu zamani upande wa mama una uzito na mjomba ana sauti kwa wana wa dadake, mara nyingi mjomba wa mchezaji ndiye awezaye kumtuliza babake mchezaji, au mamake, kwa neno moja. Waulize watoto tu mjomba ni nani. Watakuonyesha.

Kuna kosa la upande wa pili nisiloweza kulipita. Baadhi ya marefa, wakikosa la kumfanya mzazi, humpa kocha kadi. Sheria haisemi hivyo. Inachosema ni kwamba kosa likitendwa ndani ya eneo la ufundi na mkosaji asijulikane, kadi humwangukia kocha mkuu aliye katika eneo hilo. Mashabiki walio nje ya eneo hilo si wake kisheria. Hata hivyo, katika viwanja vyetu nusu ya wazazi huketi kwenye benchi la timu. Hilo refa alimalize kabla ya kuanza: wabaki walioandikwa kwenye orodha, wengine wahame. Aliyebaki ni ofisa wa timu, na kadi inamfikia.

Kamba nayo husaidia kuliko watu wanavyodhani. Chama cha Soka cha Uingereza kilipoanzisha kampeni yake ya Respect mwaka 2008, mojawapo ya mambo ya kwanza ilikuwa kuweka utepe pembeni mwa viwanja vya watoto ili wazazi warudi nyuma ya mstari. Mwaka 2023 walifika hadi kujaribu kamera za kifuani kwa marefa wa mechi za mitaani. Kamera si za kwetu leo. Lakini kamba ya nailoni na vigingi kumi na viwili vya miti, hatua tatu kutoka kwenye mstari, vinapatikana Ukunda, Lunga Lunga na Kinango. Mzazi anayesimama juu ya mstari hujiona mchezaji. Akirudi hatua tatu, sauti yake hubaki ile ile ila huanza kujisikia mwenyewe.

Wako watakaosema nakuza mambo, kelele ni sehemu ya mpira. Wasikilize habari ya Almere, Uholanzi. Tarehe 2 Desemba 2012, Richard Nieuwenhuizen, mwenye umri wa miaka 41, alijitolea kushika kibendera katika mechi ya vijana ambayo mwanawe alikuwa akicheza. Baada ya mechi alipigwa mateke na wachezaji wa timu nyingine, akafa siku iliyofuata. Mwaka 2013 mahakama iliwatia hatiani vijana kadhaa pamoja na baba wa mmoja wao. Baba huyo alifungwa miaka 6. Baba na mwana kwenye kesi moja. Na hapa Kenya asidhani mtu kwamba uwanja uko nje ya sheria za nchi: Kanuni ya Adhabu, kifungu cha 251, inaweka kifungo cha hadi miaka 5 kwa shambulio linalomdhuru mtu mwili. Refa aliyepigwa apige ripoti polisi kwanza, kisha chama.

Hasara yetu ya kila msimu ni ya kimya zaidi. Vijana husomea urefa, huchezesha mechi nne au tano, kisha hawaonekani tena. Wasichana hupotea haraka zaidi, kwa kuwa matusi wanayopewa hayahusu kuotea wala penalti. Kilifi, shirika la Moving the Goalposts limekuwa tangu mwaka 2001 likiwakuza wasichana kwa mpira, na baadhi yao wanashika firimbi wenyewe. Mnamo Januari 2022 Salima Mukansanga wa Rwanda alichezesha mechi ya Kombe la Mataifa ya Afrika, mwanamke wa kwanza kufanya hivyo, na mwaka huo huo alikuwa miongoni mwa marefa watatu wanawake walioitwa Kombe la Dunia la Qatar. Yeye pia aliwahi kuwa refa mchanga kwenye mechi ndogo. Huenda wa Kwale tulikwisha kumfukuza mwaka juzi.

Namrudia yule mtoto. Wazee husema mwana hutazama kisogo cha nina, na yeye alitazama. Kila mamake aliponiita mwizi nami nikanyamaza, alikuwa akijifunza kwamba neno hilo linaruhusiwa. Kadi yake ilikuwa halali, lakini ilichelewa, tena ilimwangukia asiyekuwa wa kwanza. Nilipaswa kuusimamisha mpira mara ya pili tu mama aliposema, na kumtuma kocha. Laiti ningefanya hivyo, mtoto angemaliza mechi.

Likizo ya Desemba mashindano ya watoto yatakuwa mengi, kutoka Waa hadi Vanga. Nawaomba waandaaji: mnapopanga pesa za kombe na jezi, tengeni na za kamba na vigingi, mteueni mzee wa kukaa mstarini, na nauli ya marefa ilipwe kabla mpira haujaanza. Sehemu ya tatu itaeleza namna refa anavyoandika ripoti ya mechi iliyovunjika.