Mtoto wa Miezi Saba Ataketi Lini?

Katika mitaa ya Mangobo, Kabondo na Lubunga, hapa Kisangani, mtoto akizaliwa kabla ya siku zake, majirani hunong'ona. Akitimiza mwaka mmoja bila kusimama, wapo wasemao kwamba mama amelaaniwa, au kwamba mtoto ni mchawi. Wazazi wapendwa, maneno hayo ni ya uongo, nayo yana madhara makubwa, kwa maana mtoto afichwaye chumbani hakosi heshima tu, hukosa na msaada.

Kwa nini huchelewa

Mimba hutimia kwa wiki 40 hivi. Mtoto azaliwaye kabla ya wiki 37 huitwa njiti. Kwa hesabu za Shirika la Afya Duniani, mwaka 2020 walizaliwa njiti milioni 13.4, yaani karibu mmoja katika kila watoto 10. Malaria ya mimba, shinikizo la damu, maambukizo na mimba ya mapacha ni baadhi ya sababu. Uchawi haumo.

Katika wiki za mwisho mtoto hubanwa tumboni, magoti yakielekea kifuani na mikono usoni. Kubanwa huko humzoeza kujikunja na kukusanya viungo vyake. Njiti hukosa somo hilo, ndiyo maana hulala ametawanyika kama chura. Tena ubongo wake haujakomaa, na kwa baadhi yao sehemu inayotawala misuli huumia. Jambo hili si geni: mwaka 1861 daktari William John Little aliwaeleza waganga wenzake huko London uhusiano uliopo kati ya kuzaliwa kabla ya wakati na kukakamaa kwa viungo.

Hesabuni umri kwa haki

Kosa la kwanza la wazazi ni kuhesabu vibaya. Mtoto aliyezaliwa katika wiki ya 32 amewahi kwa wiki 8, karibu miezi miwili. Basi akifikisha miezi tisa tangu kuzaliwa, mpimeni kama mtoto wa miezi saba. Fanyeni hivyo mpaka atimize miaka miwili.

Tena watoto hawaendi mwendo mmoja. Shirika hilo hilo liliwachunguza watoto wenye afya katika nchi tano, Ghana na Oman zikiwamo, likatangaza matokeo mwaka 2006. Wengine waliketi bila msaada kabla ya miezi minne, wengine baada ya miezi tisa. Kutembea peke yao, wengine walianza kwenye miezi minane, wengine karibu na miezi 18.

Samaki mkunje angali mbichi

Je, mazoezi yana faida? Mwaka 1976 mtaalamu Charles Super aliandika juu ya Wakipsigis wa Kenya. Kina mama wa huko huwafundisha watoto kuketi, hata kwa kuwaweka katika kishimo na kuwazungushia nguo wasianguke, na watoto wao huketi na kutembea mapema. Lakini kutambaa, ambako hawafundishwi, hawakuwahi namna hiyo. Basi kiungo hujifunza kile kinachozoezwa.

Kwa njiti, masomo ni haya:

Kwanza, kifua cha mama. Mfungeni mtoto kifuani, ngozi kwa ngozi, kwa kitenge. Njia hii ilianzishwa Bogotá, nchini Kolombia, mwaka 1978, na daktari Edgar Rey Sanabria, kwa sababu mashine za kuwatia joto watoto hazikutosha. Tangu 2022 Shirika la Afya Duniani lashauri ianze mara tu baada ya kuzaliwa, saa 8 hadi 24 kila siku. Baba naye ana kifua.

Pili, kulala kifudifudi akiwa macho, mtu akimwangalia. Aanze na dakika chache, mara nyingi kwa siku, ili shingo ipate nguvu. Wakati wa usingizi alazwe chali.

Tatu, kulala ubavu akiwa macho, na nguo iliyokunjwa nyuma ya mgongo, mikono ikutane mbele. Mwonyesheni kijiko au kifuniko cha sufuria, naye akifuate.

Nne, kuketi kati ya miguu ya mzazi, na baadaye kusimama ameshika kiti. Mwacheni ajitahidi mwenyewe, kwa maana nguvu hutokana na tendo lake. Msimvute mikono, msimning'inize, wala msimnyooshe kwa nguvu.

Lini kwenda hospitali

Kwa umri uliohesabiwa kwa haki, msingoje iwapo shingo haijakaza kwenye miezi minne, iwapo haketi kwenye miezi tisa, au hatembei kwenye miezi 18. Vivyo hivyo iwapo miguu hukakamaa na kupishana kama mkasi, mwili hulegea kama kitambaa, ngumi hazifunguki, au hutumia mkono mmoja tu kabla ya mwaka.

Mtaalamu wa viungo, ambaye hospitalini kwetu huitwa kine, ataonyesha mazoezi yamfaayo mtoto huyo. Twajua kwamba si safari nyepesi. Mama wa Lubunga avuka mto kwa mtumbwi kabla ya kufika Makiso, kwenye Hospitali Kuu au Kliniki za Chuo Kikuu, na nauli hutoka katika fedha ya chakula. Kwa hiyo aulize vizuri, atazame mikono ya kine, naye afanye mbele yake kabla ya kuondoka. Kine ampata mtoto saa moja. Nyumbani ampata siku nzima, wakati wa kuoga, kula na kubebwa.

Tuseme kweli: mazoezi hayafuti jeraha la ubongo. Mwenye mtindio wa ubongo huenda asitembee kama wenzake. Lakini viungo vyake visikauke, aketi, ashike kijiko, atazame watu usoni: hayo si madogo. Nchini Uganda, katika mpango wa Baby Ubuntu, wazazi wa watoto kama hao hukutana katika vikundi na kufundishana, wakiongozwa na mzazi mwenzao. Hata kwetu, kina mama wawili wa mtaa mmoja waweza kuanza hivyo, mkekani, chini ya mwembe. Haba na haba hujaza kibaba.