Jina Lipo Wazi, Lakini Je, ni Lako?

Kusajili jina la kikoa ni kazi ya dakika chache. Unaandika jina unalolitaka, mtambo unatazama kama kuna aliyekutangulia, na kama hayupo unalipa ada ya mwaka, basi. Zaidi ya hapo mtambo hauna swali. Haufungui daftari la alama za biashara, wala haujali kama jina hilo tayari linauza sabuni Nairobi au magari dunia nzima. Ndiyo maana mtu anaweza kuwa na risiti halali mkononi na bado akaburutwa mahakamani.

Yalimkuta Uzi Nissan, mfanyabiashara wa North Carolina, Marekani. Nissan ni jina la ukoo wake, na alikuwa akilitumia kibiashara tangu 1980, wakati magari ya kampuni ya Kijapani, Nissan Motor, bado yakijulikana Marekani kama Datsun. Mwaka 1991 alianzisha biashara ya kompyuta, Nissan Computer, na 1994 akasajili nissan.com. Hakumpora mtu, aliwahi tu. Desemba 1999, Nissan Motor ikamfungulia kesi ikidai dola milioni 10.

Kilichomponza si jina, ni matangazo. Mwaka 1999 tovuti yake ilianza kubeba matangazo ya kulipiwa, na baadhi yalihusu magari. Wengi wanaoandika nissan.com wanatafuta gari, kwa hiyo kila aliyebofya tangazo la gari pale alikuwa amevutwa na sifa ya mwingine, na pesa ikaingia kwa mwenye tovuti. Hapo, mahakama ilisema, ameingilia alama ya biashara. Mwaka 2004 Mahakama ya Rufani iliafiki hilo, lakini ikakataa kuyahesabu matangazo ya bidhaa nyingine kuwa kosa la namna hiyo. Kesi iliendelea kwa miaka mingine, na mwishowe jina likabaki kwake. Tuseme alishinda, ingawa kutumia miaka na akiba yako kutetea jina la ukoo wako ni ushindi wa ajabu kidogo.

Siku hizi migogoro mingi ya .com haifiki mahakamani. ICANN, shirika linalosimamia mfumo wa majina ya intaneti, liliweka utaratibu wa usuluhishi mwaka 1999, na kesi nyingi husikilizwa chini ya WIPO, Shirika la Miliki Ubunifu Duniani, Geneva. Mlalamikaji anatakiwa athibitishe mambo matatu kwa pamoja: kwamba jina linafanana na alama yake kiasi cha kuwachanganya watu, kwamba aliyelisajili hana haki wala maslahi halali juu yake, na kwamba alilisajili na kulitumia kwa nia mbaya. Hukumu haina fidia ya fedha. Unachopoteza ni jina, pamoja na kila ulichokijenga juu yake.

Nia mbaya huthibitishwaje? Kesi ya kwanza kabisa ilihusu worldwrestlingfederation.com. Mkazi mmoja wa California alilisajili Oktoba 1999, na siku tatu baadaye akaiandikia kampuni ya mieleka yenye alama hiyo akitaka kuiuzia jina kwa dola 1,000. Barua yake mwenyewe ikawa ushahidi dhidi yake, na Januari 2000 akaamriwa alikabidhi. Wapo wanaodhani dawa ni kukaa kimya na kuliacha jina lilale bila tovuti. Mwaka huohuo, katika kesi ya telstra.org, msuluhishi aliamua kwamba hata kulilaza jina kunaweza kuwa kulitumia kwa nia mbaya.

Kwetu Tanzania utata huanzia mapema zaidi. Wengi wenye cheti cha jina la biashara kutoka BRELA, wakala wa usajili wa biashara, huamini wamesajili alama ya biashara, kumbe ni usajili tofauti kabisa. Tena alama iliyosajiliwa Bara hailindwi Zanzibar, ambako kuna sheria na daftari lake. Tafuta kote kuwili kabla ya kulipia kikoa, na kama wateja wako wako Kenya, ulizia KIPI, taasisi yao ya kusajili alama za biashara, pia.

Malalamiko ya WIPO yakikufikia, una siku 20 za kujibu. Usipojibu, msuluhishi ataamua kwa karatasi za mwenzako peke yake. Jibu, eleza jina ulilitoa wapi na unalifanyia nini, na bei usiitaje.