Mchango wa Idd Mafia: nani atoe nini, na lini?

Idd ikikaribia kisiwani Mafia, simu huanza kulia. Ndugu walioko Dar es Salaam wanaulizia boti ya Nyamisati, wa Jibondo wanauliza mwaka huu chakula kitaliwa wapi, na mara nyingi jibu ni lile lile: nyumbani kwa mkubwa, Kilindoni au Kirongwe. Swali linaloonewa haya ni jingine: gharama ya masinia hayo ya pilau anaibeba nani?

Swali hilo si dogo. Mwenye nyumba anayenyamaza kwa heshima anaweza kubaki na deni la dukani miezi kadhaa baada ya wageni kuondoka. Upande wa pili, ndugu ambaye hana kitu akisikia "kila mmoja atoe elfu hamsini" hukaa kimya, na siku ya Idd anatoa udhuru asije. Mchango uliokusudiwa kuwakutanisha watu unakuwa umemtenga mmoja wao.

Gharama zinazosahaulika

Watu wakipiga hesabu huanza na mchele, nyama, mafuta na viungo. Kinachosahaulika ni mkaa au kuni, maji, sukari ya chai, kukodi masufuria makubwa na nauli ya bodaboda. Tena wageni waliovuka bahari hawaondoki siku ile ile. Wanalala siku mbili tatu, na kila asubuhi wanahitaji chai na kitafunwa. Yote hayo hutoka mfukoni mwa mwenye nyumba bila kuandikwa popote.

Mafia ina la ziada: bidhaa nyingi za dukani huletwa kwa boti na majahazi. Mwaka 2025 Idd el-Hajj iliangukia Juni, wakati wa kusi, na kusi likichafuka safari huahirishwa. Anayengoja mzigo wa siku ya mwisho anaweza kujikuta ananunua kilichobaki kwa bei aliyotajiwa.

Kugawana kwa uwezo

Kugawa sawasawa ni rahisi kwenye karatasi, lakini uwezo wa watu haulingani. Tuchukue mfano, si bei ya soko: ndugu wanne wamekadiria gharama zote, pamoja na mkaa, maji na chai za asubuhi, kuwa shilingi 240,000. Wakigawana sawa, kila mmoja ni 60,000.

Sasa watazame kila mmoja ana nini. Mwenye mshahara Dar es Salaam anatoa 120,000. Mvuvi analeta pweza na samaki wa 40,000. Mwenye shamba analeta nazi na mchele wa 50,000. Mwenye nyumba anahesabiwa mkaa, maji na chai, 30,000. Jumla inatimia 240,000, na hakuna aliyekopa. Vitu vinavyoletwa vipigiwe bei ya soko la siku hiyo, ili asitokee wa kusema nazi zake zimedharauliwa.

Na kazi nayo ni mchango. Kukuna nazi, kuchota maji na kukaa jikoni tangu alfajiri kuna thamani yake. Ndugu asiye na fedha akipewa kazi inayojulikana mapema, anakuja kama mwenye shughuli, si kama mgeni wa huruma.

Ng'ombe wa watu saba

Kwa Idd el-Hajj, mwezi 10 Mfungo Tatu, sheria ya Kiislamu yenyewe imeweka utaratibu wa kuchangia. Mbuzi mmoja ni udhiya wa mtu mmoja, lakini ng'ombe anaweza kuchangiwa na watu hadi saba, kama walivyofanya Maswahaba Hudaybiya. Wakiwa watano au sita hakuna ubaya. Wakifika wanane, udhiya hausihi kwa ng'ombe huyo mmoja. Ng'ombe wa shilingi 1,050,000 kwa watu saba ni 150,000 kila mmoja, na nyama hugawanywa kwa mizani kufuata hisa.

Mambo mawili huleta ugomvi. La kwanza, mchinjaji halipwi kwa nyama wala ngozi ya mnyama huyo, kwa hiyo ujira wake uwekwe kwenye bajeti. La pili, katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, sehemu ya nyama lazima wapewe masikini ikiwa mbichi. Familia isihesabu nyama yote kuwa ya sufuria.

Kwa Idd el-Fitri, kumbuka zakatul-fitri: pishi moja ya chakula, yaani vibaba vinne, kwa kila mtu. Mchele huo utengwe mbali na wa wageni.

Daftari na tarehe

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mteueni mmoja apokee michango, aandike kilichoingia na kilichotoka, kisha asomee wote hesabu baada ya sikukuu. Anayetuma kwa simu atume na ya kutolea, la sivyo anayepokea ndiye anayelipa makato.

Tarehe ya mwisho iwekwe mapema. Mwezi wa Ramadhani unaweza kuisha kwa 29 au 30, hivyo anayepanga kununua siku ya 29 jioni anaweza kukuta mwezi umeandama na maduka yamejaa watu. Wanaoweza waanze tangu Shaabani, kidogo kidogo, kama wanavyocheza upatu. Toka Idd el-Fitri hadi Idd el-Hajj ni miezi miwili na siku chache tu, na familia iliyomaliza ya kwanza kwa deni huipokea ya pili mikono mitupu.

Kikao cha simu cha nusu saa, mwezi mmoja kabla, kinatosha kujibu maswali matatu: tuko wangapi, kila mmoja ana nini, na nani anashika daftari. Asiye na kitu aulizwe pembeni, si mbele ya wote.