Siga: hasara huanzia sandukuni

Bei za siga za Cuba, zile sigara nene za majani matupu ya tumbaku, zilipaa mwaka 2022 baada ya kampuni ya Habanos kulinganisha bei za Cohiba duniani na zile za Hong Kong. Wapo wanaonunua sanduku zima na kulilaza nyumbani miaka mitano au zaidi, wakitarajia ladha laini au faida.

Mali hiyo bado inafanya kazi. Majani huendelea kuchachuka polepole, harufu ya amonia ikatoka na ukali ukapungua. Hilo linataka unyevu wa asilimia 65 hadi 70 na nyuzi joto 18 hadi 20. Pakiwa pakavu, mafuta hupotea wala hayarudi. Unyevu ukizidi, huota ukungu.

Adui mkubwa ni mdudu wa tumbaku. Mayai yake huweza kuwamo ndani ya jani; joto likipita nyuzi 24 hivi huanguliwa, na funza hutoboa siga moja baada ya nyingine. Mnunuzi wa Dar es Salaam, ambako Januari joto hufika nyuzi 30 na zaidi, aingize kwanza umeme wa kiyoyozi katika hesabu yake. Friji ya jikoni haifai, hukausha.